Nyota Huru Hufuata Nini? Mhadhara Kuhusu Timu za Hoki Zinazojisuka Upya

Timu ya hoki ya barafuni inayojisuka upya hukabiliwa na tatizo ambalo fedha peke yake hazijawahi kulimaliza: timu inamhitaji mchezaji nyota ili iwe nzuri, na mchezaji nyota naye hutaka timu ambayo ni nzuri tayari. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba tatizo hilo lina pa kutokea, na kwamba njia yenyewe imo zaidi katika mpangilio wa mambo, yaani nini kitangulie na nini kifuate, kuliko katika ukubwa wa donge linalowekwa mezani. Uwanja wa uchunguzi ni Ligi ya Taifa ya Hoki ya Amerika Kaskazini, inayojulikana kwa herufi NHL, yenye timu 32 za Marekani na Kanada. Mfano utakaochambuliwa kwa kirefu kuliko mingine yote ni ule wa New York Rangers wa mwaka 2018 na 2019, kwa kuwa hatua zake zilichukuliwa hadharani na mtu anaweza kuzifuata moja baada ya nyingine.

Wasomaji wengi wa Kiswahili huifahamu zaidi hoki inayochezwa juu ya nyasi, ijapokuwa Nairobi kulijengwa uwanja mdogo wa barafu katika Hoteli ya Panari ambako timu ya Ice Lions ilichipukia, kwa hiyo yafaa istilahi chache zielezwe mapema. Katika hoki ya barafuni kila upande huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwemo, ambao huteleza kwa viatu vyenye vyuma na kuwania kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Kikosi cha msimu hakizidi wachezaji 23, na baada ya msimu wa kawaida timu 16 huingia hatua ya mtoano kuwania Kombe la Stanley. Timu hujisuka upya pale uongozi unapokubali kwamba kikosi kilichopo kimefika mwisho wake, ukawaachia wachezaji waliokomaa, ukakusanya chipukizi, na ukawa tayari kuvumilia vipigo kwa misimu kadhaa. Ieleweke kwamba katika ligi hii hakuna ada ya uhamisho kama ilivyo katika soka: mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji mwingine, au kwa nafasi katika uteuzi wa chipukizi, ambao ni zoezi la kila mwaka ambamo timu huchagua kwa zamu vijana wenye umri wa kuanzia miaka 18, na zile zilizoishia mkiani huingizwa katika bahati nasibu ya kuamua nani achague mwanzo.

Mchezaji huru, kwa maana inayotumika hapa, ni yule ambaye mkataba wake umekwisha naye ama amefikisha umri wa miaka 27 ama ametumikia misimu saba katika ligi, hivyo kuanzia tarehe 1 Julai anaweza kusaini popote apendapo bila timu aliyoiacha kupata hata senti. Aliye chini ya kiwango hicho huitwa huru mwenye masharti, kwa sababu timu yake ya zamani bado ina haki ya kulifikia dau la timu nyingine na kumbakiza, au kulipwa fidia kwa nafasi za uteuzi. Tofauti hii ndogo ya kisheria itarudi baadaye, kwani imeanza kuwa na uzito kuliko zamani.

Jambo linalotenganisha soko hili na soko la soka la Ulaya ni kikomo cha mishahara. Baada ya mgogoro kati ya wamiliki na chama cha wachezaji kuufuta msimu mzima wa 2004-05, ligi iliweka kiwango ambacho jumla ya mishahara ya kikosi haiwezi kukivuka: dola milioni 39 za Marekani msimu wa 2005-06, milioni 81.5 msimu wa 2019-20, na milioni 95.5 msimu wa 2025-26. Mchezaji mmoja, awe hodari namna gani, hawezi kulipwa zaidi ya asilimia 20 ya kiwango hicho. Kwa hiyo tajiri na mnyonge hufika mlangoni kwa mchezaji wakiwa na mfuko wa ukubwa mmoja, na pengine mnyonge ndiye mwenye nafasi zaidi, kwa kuwa ameshawaondoa wakongwe wake na mishahara yao. Lakini nafasi hiyo wanayo wengi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo viongozi wengi hupotea, wakidhani kuwa na fedha ambazo hazijatumika ni ushawishi wa kutosha.

Ili kuona kwa nini si ushawishi wa kutosha, ni lazima kutazama kile ambacho mchezaji mwenyewe anakitoa. Chini ya makubaliano ya ligi yaliyoanza mwaka 2013, mkataba na timu mpya ulifika hadi miaka saba, na kwa timu yake mwenyewe miaka minane. Zach Parise na Ryan Suter walipokwenda Minnesota mwaka 2012, John Tavares alipokwenda Toronto mwaka 2018, na Artemi Panarin alipokwenda New York mwaka 2019, wote wanne walikuwa na umri wa miaka 27. Mtu wa umri huo anaposaini kwa miaka saba anaikabidhi timu karibu miaka yote iliyobaki ya ubora wake, huku akijua kwamba kosa la kuchagua vibaya halirekebishiki, maana atakapokuwa huru tena atakuwa na miaka 34 na soko halitamwita kwa sauti ileile. Swali lake basi haliwi tu atalipwa kiasi gani. Huuliza ni nani watakaocheza naye mwaka wa tatu na wa nne, kama meneja aliyemsajili atakuwepo bado, na kama familia yake itaishi vizuri mahali hapo.

Tarehe 8 Februari 2018, Glen Sather, rais wa New York Rangers, na Jeff Gorton, meneja mkuu, waliwaandikia mashabiki barua ya wazi. Timu hiyo ilikuwa imeingia hatua ya mtoano misimu saba mfululizo na kufika fainali mwaka 2014, na viongozi wengi katika hali hiyo wangeendelea kubandika viraka huku wakiahidi kwamba mambo yatanyooka. Barua ilisema kinyume chake: kwamba nyuso zilizozoeleka zingeondoka na kwamba kikosi kingejengwa upya kwa vijana. Kabla mwezi haujaisha, Rick Nash alikuwa amepelekwa Boston, na nahodha Ryan McDonagh pamoja na J.T. Miller walikuwa wamepelekwa Tampa Bay.

Barua hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanyiwa kwa kawaida, kwani watu huikumbuka kama tendo la kuwaomba mashabiki subira, ilhali wasomaji wake muhimu walikuwa pia wachezaji wa timu nyingine na mawakala wao. Ligi ya timu 32 ni kijiji. Wachezaji hukutana katika timu za taifa, huishi majira ya joto katika miji ileile, na wakala mmoja huwa na wateja katika timu kumi. Timu inayosema waziwazi inaelekea wapi, kisha ikafanya kile ilichokisema, hujijengea kitu adimu katika biashara hii, nacho ni neno linaloaminika. Inayosema leo inajisuka na kesho ikamsajili mkongwe wa miaka 33 kwa mkataba mrefu huwaonyesha wote kwamba haijui inachokitaka, na hakuna nyota atakayeiweka miaka saba ya maisha yake juu ya mpango unaoyumba.

Msimu wa 2018-19 Rangers walimaliza na pointi 78 na wakakosa hatua ya mtoano, kama walivyotarajia wenyewe. Kilichofuata kati ya Aprili na Juni 2019 ndicho kiini cha mfano huu. Mwezi Aprili bahati nasibu iliwapa nafasi ya pili katika uteuzi, ambayo ingewaletea Kaapo Kakko wa Finland. Tarehe 30 Aprili walimpata Adam Fox, beki kijana mzaliwa wa jimbo la New York, kutoka Carolina kwa nafasi mbili za uteuzi, baada ya yeye kuonyesha kwamba alitaka kucheza nyumbani. Mwezi Mei kipa Igor Shesterkin alisaini mkataba wake wa kwanza. Mwezi huohuo John Davidson akawa rais wa timu, na jambo hili lisipitwe haraka, kwa sababu Davidson alikuwa akitoka Columbus, na Columbus ndiko alikokuwa akicheza Panarin kwa misimu miwili. Mwezi Juni beki Jacob Trouba aliletwa kutoka Winnipeg, ambaye baadaye alisaini mkataba wa miaka saba.

Panarin aliposaini tarehe 1 Julai kwa miaka saba na jumla ya dola milioni 81.5, hakuwa akiingia katika timu iliyoshinda. Columbus aliyoiacha ilikuwa imepata pointi 98, ishirini zaidi ya Rangers, na ilikuwa imetoka kuiondoa Tampa Bay katika hatua ya mtoano bila kupoteza mechi hata moja. Alikuwa akiingia katika timu ambayo ndani ya miezi mitatu ilikuwa imeonyesha kipa wa kesho, mabeki wawili wa kesho, chipukizi aliyechaguliwa wa pili duniani, na rais aliyemjua yeye kwa jina, tabia na kazi yake. Hesabu ya mkataba wenyewe inafundisha: jumla yake ya miaka saba ililingana na kikomo cha mishahara cha msimu ule mmoja, hivyo kwa mwaka mchezaji huyu alichukua sehemu moja ya saba ya fedha zote za kikosi. Uongozi unaompa mtu mmoja kiasi hicho lazima uwe na vijana wanaolipwa kidogo chini ya mikataba yao ya kwanza, la sivyo wachezaji wengine ishirini na wawili watabaki na makombo. Chipukizi basi hufanya kazi mbili kwa pamoja, kwani huwa sababu ya nyota kuja na huwa pia njia ya kumlipa.

Itapingwa kwamba mfano huu umependelewa na jiji lenyewe, kwa kuwa Panarin alipenda maisha ya jiji kubwa na si kila timu inayoweza kumpa mtu New York. Pingamizi hilo ni la haki, lakini historia ya timu hiyohiyo inalijibu. Kati ya mwaka 1998 na 2004, kabla ya kikomo cha mishahara kuwepo, Rangers walikuwa katika jiji lilelile na wakatumia fedha bila breki: Theo Fleury alisaini mwaka 1999, Bobby Holik alipewa dola milioni 45 kwa miaka mitano mwaka 2002, na Eric Lindros, Pavel Bure na Jaromír Jágr waliletwa kwa kubadilishana. Katika misimu hiyo saba hawakuingia hatua ya mtoano hata mara moja. Jiji liliwavuta nyota nyakati zote mbili. Tofauti ilikuwa kwamba mara ya kwanza nyota walikuta nyumba isiyo na msingi.

Panarin alimaliza msimu wake wa kwanza na mabao na pasi za mabao 95 katika mechi 69 tu, na timu ikafika fainali ya kanda ya mashariki mwaka 2022 na tena mwaka 2024. Haikulitwaa Kombe la Stanley, na Gorton na Davidson waliondolewa mwezi Mei 2021, kabla ya mpango wao kufika mwisho. Mhadhara huu hauoni sababu ya kuficha hilo. Kumvuta nyota ni kazi moja, kutwaa kombe ni kazi nyingine, na uongozi uliovunjwa katikati hauwezi kuzikamilisha zote mbili.

Toronto Maple Leafs walifuata mpangilio uleule kwa njia yao. Chini ya rais Brendan Shanahan na kocha Mike Babcock, timu ilikubali kumaliza ya mwisho kabisa msimu wa 2015-16, ikamteua Auston Matthews, ambaye alikuta William Nylander na Mitch Marner wameshateuliwa, na miaka miwili baadaye ilipata pointi 105. Hapo ndipo Tavares, aliyekuwa nahodha wa New York Islanders na ambaye alikuwa amewasikiliza wajumbe wa timu sita huko Los Angeles siku chache kabla ya Julai, alipochagua kurudi katika eneo alikokulia kwa dola milioni 77 za miaka saba. Siku aliyosaini aliweka mtandaoni picha yake ya utotoni akiwa amelala kitandani kwenye matandiko yenye nembo ya Maple Leafs, na picha hiyo imewafanya wengi waamini kwamba kilichomrudisha ni mapenzi ya nyumbani tu. Ni kweli yalichangia sana, lakini mapenzi hayo alikuwa nayo pia miaka mitatu nyuma, Toronto ilipokuwa mkiani, na mtu mwenye akili timamu asingemshauri aende wakati ule. Isitoshe, sehemu kubwa kabisa ya fedha zake iliwekwa kama bonasi ya kusaini, yaani malipo yanayotolewa kwa mkupuo kila Julai badala ya kugawanywa katika msimu, ambayo mchezaji huyapata hata timu ikija kuuvunja mkataba. Kikomo cha mishahara husawazisha jumla ya fedha. Hakisawazishi namna zinavyolipwa, na timu tajiri inaweza kutoa dola milioni 15 na zaidi siku moja bila kutetereka. Hiki ni kishawishi halali ambacho timu nyingi zinazojisuka upya hukisahau, pamoja na kipengele cha kutohamishwa, kinachompa mchezaji haki ya kukataa kupelekwa timu nyingine.

Minnesota Wild ni mfano wa kuvuta kulikofaulu na kujenga kulikoshindwa. Timu hiyo ilikuwa imekosa hatua ya mtoano misimu minne mfululizo ilipowasajili Parise na Suter siku moja, tarehe 4 Julai 2012, kila mmoja kwa miaka 13 na dola milioni 98. Parise alizaliwa Minneapolis, mke wa Suter alitoka jimbo hilo, na marafiki hao wawili walikuwa wamezungumza juu ya kucheza pamoja. Kwa hiyo timu iliwapata kwa undugu wa mahali na kwa kuwachukua wote wawili kwa mpigo, mbinu ambayo kwa hakika ilikuwa ya busara. Walileta misimu sita mfululizo ya kuingia hatua ya mtoano, lakini katika misimu yote hiyo timu ilishinda raundi mbili tu. Mwezi Julai 2021 mikataba yote miwili ilivunjwa kwa malipo, na kwa mujibu wa kanuni sehemu ya mishahara yao iliendelea kuhesabiwa dhidi ya kikomo: dola milioni 14.7 msimu wa 2023-24 na tena msimu wa 2024-25, ambao kikomo chake kilikuwa milioni 88. Karibu sehemu moja ya sita ya uwezo wa timu ilikwenda kwa watu ambao hawakuwemo uwanjani. Nyota hao walikuja kuuanzisha ujenzi, badala ya kuukuta umeanza, na walipofikisha miaka 31 na 32 hakukuwa na kizazi cha kuwapokea mzigo.

Marian Hossa aliwahi kuionyesha ligi nzima namna nyota anavyofikiri. Mwaka 2008 Edmonton ilimtaka kwa mkataba mrefu na mnono, naye akachagua mwaka mmoja tu Detroit kwa sababu aliamini angetwaa kombe huko. Akalikosa katika mechi ya saba ya fainali. Mwaka 2009 akasaini miaka 12 na Chicago Blackhawks, timu ambayo muda si mrefu kabla ilikuwa miongoni mwa dhaifu kabisa, lakini ambayo ilikuwa imemteua Jonathan Toews mwaka 2006 na Patrick Kane mwaka 2007, na ambayo mmiliki wake mpya, Rocky Wirtz, alikuwa ameanza kuzirusha mechi za nyumbani katika televisheni baada ya miaka mingi ya kuzificha. Beki Brian Campbell alikuwa ameshatangulia kusaini mwaka 2008. Hossa alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2010, 2013 na 2015. Edmonton, kwa upande wake, ilipata nafasi ya kwanza katika uteuzi miaka ya 2010, 2011, 2012 na 2015, ikawa na vipaji tele, na bado wachezaji waliendelea kuikwepa. Hata kabla ya hapo, mwaka 2009, Dany Heatley alikuwa ametumia kipengele chake cha kutohamishwa ili asipelekwe huko. Wingi wa chipukizi basi si kitu ikiwa makocha hubadilishwa kila mara na hakuna mkongwe wa kuwaonyesha vijana jinsi ya kuishi kazi hii.

Katika orodha ya vikwazo vinavyotajwa mara kwa mara, kodi na hali ya hewa hupewa uzito uliopita kiasi. Ni kweli kwamba Florida, Texas, Nevada na Tennessee hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, na ni kweli kwamba makombe ya karibuni yameelekea Tampa Bay, Vegas na Florida. Mwezi Desemba 2024 Kevyn Adams, wakati huo meneja mkuu wa Buffalo Sabres, aliwaambia waandishi wa habari kwamba mji wake hauna mitende na una kodi. Wapinzani wake walimkejeli siku nyingi kwa maneno hayo, lakini hayakuwa ya uongo; udhaifu wake ni kwamba New York na Toronto hutoza kodi kubwa pia, na Toronto nayo ina baridi na theluji.

Tatizo la Buffalo lilianza kwa kukosea mpangilio. Baada ya Terry Pegula kuinunua timu mwezi Februari 2011, majira ya joto yaliyofuata ilimpa beki Christian Ehrhoff miaka kumi na dola milioni 40, na mshambuliaji Ville Leino miaka sita na dola milioni 27. Mikataba yote miwili ilivunjwa mwaka 2014. Kuanzia msimu uleule wa 2011-12 hadi wa 2024-25 Sabres hawakuingia hatua ya mtoano kwa misimu 14 mfululizo, muda mrefu kuliko timu yoyote katika historia ya ligi. Taylor Hall alikuja mwaka 2020 kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 8, akafunga mabao mawili katika mechi 37, akapelekwa Boston. Mwaka 2021 nahodha Jack Eichel alitofautiana na timu juu ya aina ya upasuaji wa shingo aliotaka kufanyiwa, akahamishiwa Vegas, akafanyiwa upasuaji aliouchagua, na mwaka 2023 akatwaa kombe. Kila mchezaji katika ligi aliufuatilia mvutano ule, kwa kuwa mwili ndio mtaji wake wa pekee, na hakuna hotuba ya meneja inayoweza kufuta kumbukumbu ya namna hiyo. Timu inayotaka kuvutia wageni ianze kwa kutazama jinsi inavyowaaga wenyeji wake: mkongwe aliyepelekwa mahali alipopaomba, majeruhi aliyesikilizwa, na mke wa mchezaji aliyesaidiwa kupata shule ya watoto, wote hao huwa mashahidi ambao hawalipwi.

Familia, kwa kweli, huamua mengi ambayo wachambuzi huyatafuta kwenye takwimu. Marehemu Johnny Gaudreau, aliyefariki dunia pamoja na ndugu yake Matthew mwezi Agosti 2024, aliishangaza ligi mwaka 2022 alipoiacha Calgary, iliyokuwa tayari kumlipa zaidi, akaenda Columbus ili awe karibu zaidi na jamaa zake wa New Jersey. Mwaka huohuo Claude Giroux alikwenda Ottawa, mji ambao alikuwa akiishi majira ya joto. Meneja wa timu inayojisuka upya anapaswa kuwa na orodha ya wachezaji waliozaliwa, waliosoma au waliooa katika eneo lake, pamoja na mwaka ambao kila mmoja atakuwa huru, na kuipanga ratiba ya ujenzi wake ilingane na miaka hiyo, kama Toronto ilivyokuwa tayari pale Tavares alipofikisha wakati wake.

Hata hivyo soko lenyewe linapungua. Kikomo kilipopanda kwa kasi baada ya miaka ya korona, timu zenye nguvu zilipata uwezo wa kuwabakiza watu wao: majira ya joto ya 2025 Florida, mabingwa mara mbili mfululizo, walimbakiza Sam Bennett, Aaron Ekblad na Brad Marchand kwa pamoja, na mwezi Septemba Kirill Kaprizov alikubali kubaki Minnesota kwa dola milioni 136 za miaka minane. Nyota wachache watafika tarehe 1 Julai wakiwa huru kamili, na hapa ndipo ile tofauti ya kisheria iliyotajwa mwanzoni inapopata uzito, kwani njia yenye matumaini zaidi sasa ni kumfuata mchezaji akiwa bado huru mwenye masharti, kumpata kwa kubadilishana, kisha kumshawishi asaini kwa muda mrefu kabla soko halijamwona.

Anayefanya hivyo vizuri kuliko wengine ni Jeff Gorton, mtu yuleyule wa barua ya New York, ambaye tangu Novemba 2021 anaongoza shughuli za hoki za Montreal Canadiens akisaidiwa na meneja mkuu Kent Hughes, aliyekuwa wakala wa wachezaji na hivyo anajua mazungumzo ya upande wa pili wa meza. Montreal ina kodi kubwa, baridi kali na waandishi wa habari wasiolala, yaani kila kisingizio ambacho timu nyingine hukitumia. Ilimaliza ya mwisho mwaka 2022, ikamteua Juraj Slafkovský, ikamfanya Nick Suzuki nahodha akiwa na miaka 23, na mwaka 2025 ikarudi katika hatua ya mtoano. Wiki chache baadaye ilitoa nafasi mbili za raundi ya kwanza na mshambuliaji Emil Heineman kumpata beki Noah Dobson kutoka New York Islanders, naye Dobson, akiwa na miaka 25, akasaini miaka minane kwa dola milioni 9.5 kwa mwaka. Hakusubiri kuwa huru kamili ili ajaribu bahati yake kwingine.

Makubaliano mapya ya ligi yanayoanza kutumika tarehe 16 Septemba 2026 yanapunguza urefu wa mikataba hadi miaka saba kwa mchezaji anayebaki kwake na miaka sita kwa anayehamia timu nyingine. Mchezaji atakayesaini na timu ngeni akiwa na miaka 27 atakuwa sokoni tena akiwa na miaka 33, na meneja atakayemwendea akiwa na ahadi tu mkononi, bila kipa, bila mabeki na bila chipukizi wa kumwonyesha, atakuwa na mwaka mmoja pungufu wa kuzitimiza.